Urashima alikufa ufukweni au aliruka akiwa korongo?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari hapa Tanga. Nataka wanafunzi wangu walinganishe ngano zetu na za Japani. Kwa kuwa sisomi Kijapani, nategemea vitabu vya Kiingereza, na vinanichanganya. Katika kimoja, mvuvi Urashima anafungua kisanduku alichokatazwa, anazeeka papo hapo na kufa. Katika kingine anageuka korongo na kuruka zake. Ipi ndiyo hadithi yenyewe? Na kati ya vitabu hivi, kipi cha kuaminika?"

Mwalimu, salaam. Zote mbili ni hadithi yenyewe, na iko ya tatu ambayo vitabu vya watoto havinayo. Bahati nzuri Urashima ni mmoja wa wahusika wachache wa ngano za Japani ambao nyayo zao zimeandikwa kwa zaidi ya miaka 1,200, kwa hiyo tunaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Anaonekana katika Nihon Shoki, kitabu cha historia ya dola kilichokamilika mwaka 720. Mistari yenyewe ni michache. Katika mwaka unaolingana na 478, mtu mmoja wa Tango, pwani iliyo kaskazini mwa Kyoto, anavua akiwa ndani ya chombo chake na kunasa kasa mkubwa. Kasa anageuka mwanamke, kijana anapagawa naye, anamwoa, wanaingia baharini pamoja mpaka Horai, nchi ya wasiokufa. Basi. Hakuna watoto wanaompiga kasa, hakuna kisanduku, hakuna funzo. Maelezo marefu yako katika kumbukumbu za mkoa wa Tango za karne hiyohiyo ya 8: kasa ana rangi tano, miaka 3 ya ugenini inakuwa 300 nyumbani, na mke anampa mumewe kisanduku cha kumrudisha kwake, kwa sharti asikifungue. Anakifungua. Ujana wake unapeperuka na upepo, kisha yeye na mkewe wanatumiana mashairi kupitia mawinguni. Hatuonyeshwi akianguka na kufa. Tunamwona akilia na kuimba. Ni katika Man'yoshu, diwani kubwa ya mashairi ya karne hiyo, ndipo nywele zinapogeuka nyeupe, ngozi inakunjamana na pumzi inakatika. Mshairi, Takahashi no Mushimaro, hana huruma naye hata kidogo: anamalizia kwa kumwita mpumbavu.

Korongo wako anatoka katika visa vya zama za Muromachi, karne ya 14 hadi ya 16, vilivyojulikana kama otogizoshi na ambavyo vilisomwa pamoja na picha zake. Humo miaka imepanda hadi 700. Urashima anageuka korongo, mkewe ni kasa, na wote wawili wanaishia kuabudiwa kama miungu. Kwa Wajapani korongo na kasa ni viumbe vya maisha marefu, kwa hiyo huo ni mwisho wa heri, wala si adhabu. Watoto watukutu wanaomtesa kasa, ambao leo kila mtu anawajua, walikuja baadaye, na vitabu vya shule vya zama za Meiji, zilizoanza mwaka 1868, vikawakaza wasitoke tena. Shule ilihitaji kijana mwema anayehurumia wanyama. Haikuwa na haja kubwa na mvuvi aliyepagawa na mwanamke.

Sasa ile ya kifo ufukweni uliyoisoma, nikikisia kwa ulivyoieleza, ni ya Yei Theodora Ozaki, The Japanese Fairy Book, kilichotoka mwaka 1903. Ukirudi kwenye ukurasa wa mwisho wa hadithi hiyo utamkuta mwandishi akiwageukia watoto na kuwaonya wasiwaasi wanaowazidi hekima. Onyo hilo huwezi kulikuta katika maandishi ya karne ya 8. Linatoka sebuleni kwa Waingereza wa zama zake, ambako hadithi ya mtoto isiyo na onyo ilionekana haijamalizika.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi ndiyo yenyewe, nami nitakuuliza: ya mwaka gani, na ilisimuliwa kwa nani? Unafundisha fasihi simulizi, unajua kwamba fanani hupinda ngano kuifuata hadhira yake. Katika ngano za Kijapani zilizofika kwa Kiingereza, mafanani wamepangana foleni: bibi wa kijijini, mchapishaji wa vijitabu, mkalimani, mke wa mwandishi, mwandishi mwenyewe. Usimtafute aliye wa asili. Mjue kila mmoja aliyesimama kwenye foleni hiyo, na kitabu chochote kati ya hivyo kitakufaa kwa kazi yake. Usipowajua, hata kilicho bora kitakupotosha.

Wa mwanzo wanaohesabika ni A. B. Mitford, ofisa wa ubalozi wa Uingereza aliyekuwa Japani katika miaka ile ya mapinduzi ya Meiji. Kitabu chake, Tales of Old Japan, kilitoka mwaka 1871. Sehemu kubwa yake ni visakale vya samurai, kikianza na wale 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao, na humo mna pia maelezo ya mtu anayejitumbua tumbo mbele ya mashahidi, jambo ambalo Mitford alilishuhudia mwenyewe mwaka 1868. Ngano za watoto amezipa nafasi ndogo, akizitoa katika vijitabu vya bei rahisi vyenye picha. Hakuzilainisha. Katika hadithi ya mlima wa Kachi-kachi, tanuki, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa ambaye Wajapani humwona mjanja na mwenye kujigeuza, anamuua bibi kizee, anampika supu, kisha anavaa sura yake na kumlisha mume. Mitford ameiacha supu mezani. Vitabu vingi vya watoto vya leo, vya huko Japani kwenyewe, vimeiondoa. Bibi hujeruhiwa tu.

Niseme pembeni kidogo: mwaka mmoja kabla ya Mitford, mwaka 1870, Edward Steere alichapisha London Swahili Tales, ngano alizozikusanya Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Yaani ngano zetu na zao zilifika mikononi mwa msomaji wa Kiingereza karibu siku moja, lakini zetu zilifika zikiwa na lugha yake. Msomaji wa Mitford hakupewa nafasi ya kumkagua. Nitarudi kwa Steere, maana ana jambo litakalokufaa darasani.

Baada ya Mitford biashara ikaingia. Hasegawa Takejiro, mchapishaji wa Tokyo, alianza mwaka 1885 kutoa mfululizo wa vijitabu vya ngano kwa Kiingereza, cha kwanza kikiwa Momotaro. Vilichapwa kwa mbao za kuchonga, rangi juu ya rangi, na vingi vikapata umaarufu kwa karatasi yake ya chirimen, karatasi ya Kijapani iliyofinywa mpaka ikawa na mikunjo midogo na ulaini wa kitambaa. Mgeni alikinunua Yokohama akaenda nacho kwao kama zawadi. Waliofasiri walikuwa watu waliokuwapo mjini: David Thompson, mmisionari Mmarekani, Bibi T. H. James, Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyekuja kuwa profesa wa Kijapani katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Ni vizuri kuvitazama kuliko kuvisoma. Maneno ni machache kwa sababu picha ndiyo inayobeba kazi, na mtu anayeusoma mtandaoni uandishi wake mtupu bila picha anapata nusu ya hadithi. Ikiwa shule yako ina projekta, tafuta kurasa zilizopigwa picha uwaonyeshe wanafunzi.

Ozaki naye, ambaye baba yake alikuwa Mjapani na mama yake Mwingereza, hakuficha alichokifanya. Katika utangulizi anasema wazi kwamba hakutafsiri neno kwa neno, na kwamba alitia hapa na pale alichoona kinapendeza au kinahitajika. Chanzo chake kikuu ni matoleo ya Iwaya Sazanami, mwandishi wa watoto aliyetoa mfululizo wake wa ngano za zamani za Japani katika miaka ya 1890. Iwaya naye alikuwa amekwisha kuzitengeneza kwa ajili ya watoto wa dola mpya. Kwa hiyo katika Ozaki una urembo juu ya urembo. Ni kitabu kizuri cha kumsomea mtoto wa miaka 8 kabla ya kulala. Kwa mwanafunzi wa fasihi anayetaka kujua watu wa vijijini Japani walisimulia nini, hakifai, na inanishangaza kuona kikinukuliwa katika insha za chuo kana kwamba ni ushahidi.

Kisha yuko Lafcadio Hearn, na hapa nitakaa zaidi.

Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama Mgiriki, baba Mwayalandi. Alikulia Dublin, akawa mwandishi wa magazeti Cincinnati na New Orleans, akafika Japani mwaka 1890 na kupata kazi ya kufundisha Kiingereza mjini Matsue. Huko alimwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliofilisika, na mwaka 1896 akachukua uraia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo. Kitabu chake kinachojulikana kuliko vyote, Kwaidan, kilitoka mwaka 1904, mwaka aliofariki.

Hearn hakuwa na Kijapani cha kumwezesha kusoma vitabu vya zamani peke yake. Aliyekuwa akivisoma ni Setsu. Mama huyu aliacha kumbukumbu zake, na humo anaeleza kazi ilivyokuwa: usiku umetulia, utambi wa taa umeshushwa, anasimulia na mumewe anauliza maswali kwa sauti ya chini. Hakuruhusiwa kusoma kitabuni. Hearn alitaka maneno yake Setsu, mawazo yake Setsu, la sivyo hadithi haikumwingia. Kwa hiyo Setsu alilazimika kukisoma kitabu mpaka kiwe chake, ndipo asimulie. Kwa lugha ya darasani kwako, fanani wa Kwaidan ni Setsu, na Hearn ni hadhira iliyoshika kalamu. Jina lililo kwenye jalada ni moja tu.

Chukua hadithi ya Hoichi asiye na masikio. Hoichi ni kipofu, mpigaji hodari wa biwa, ala ya nyuzi ambayo ina undugu wa mbali na udi wa taarabu, kwani zote mbili zina asili moja katika barbat ya Uajemi. Anaishi katika hekalu la Amidaji, Shimonoseki, mbele ya mlangobahari wa Dan-no-ura ambako mwaka 1185 ukoo wa Heike uliangamia vitani baharini pamoja na mfalme mtoto Antoku. Usiku mmoja samurai anamwita akaimbe vita hivyo mbele ya bwana mkubwa. Anaimba, wasikilizaji wanalia kwa vilio vya kutisha. Kumbe ameketi makaburini, na hadhira yake ni marehemu wenyewe. Padri wa hekalu anamwandika maandiko matakatifu mwili mzima ili mizimu isimwone, lakini anasahau masikio. Mzimu unaona masikio mawili yakielea gizani, unayang'oa.

Chanzo cha Hearn ni kisa kifupi katika mkusanyo wa mizungu wa mwaka 1782. Mifupa ya hadithi imo humo. Ule mvutano wa sauti, nyayo za chuma barazani, jina la Hoichi linaloitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu bila kujibiwa, huo ni uhai walioupuliza Setsu na mumewe. Setsu anakumbuka kwamba samurai anapofika langoni na kutaka lango lifunguliwe, maneno ya kawaida ya Kijapani yalimchosha Hearn. Hayakuwa na ukali wa askari. Wakayatafuta mpaka wakapata amri moja kavu, "Kaimon!", na neno hilo limebaki hivyohivyo ndani ya Kiingereza. Mtu anayesema Hearn "alitafsiri" hajui kazi iliyofanyika katika nyumba ile.

Je, hayo yanamfanya asiaminike? Kama unatafuta alichosimulia mkulima, ndiyo, usimtegemee. Kama unatafuta hadithi ya kutisha iliyoandikwa kwa ufundi, sijui nani kamshinda. Na kuna jambo linalotatiza zaidi. Katika utangulizi wa Kwaidan anasema kisa cha Yuki-onna, mwanamke wa theluji anayeua kwa pumzi yake, amesimuliwa na mkulima wa Chofu, wilaya ya Nishitama, magharibi mwa Tokyo. Mwanamke huyo anamhurumia kijana Minokichi kwa sharti kwamba asimwambie mtu alichokiona. Baadaye anaolewa naye kama msichana wa kawaida, anamzalia watoto 10, na siku mume anapoteleza ulimi anatoweka kama mvuke. Hadithi za wanawake wa theluji zilikuwapo Japani karne nyingi kabla ya Hearn. Hii yenye ndoa na sharti, kwa umbo hili, ilijulikana kwa kalamu yake. Ikatafsiriwa kwa Kijapani, ikaingia katika vitabu vya visakale vya milimani, na miongo michache baadaye ikawa inahesabiwa kuwa ngano ya wenyeji wa mlima Shirouma, mbali kabisa na Chofu. Mtafiti akienda huko na kinasa sauti angeirekodi kwa mzee wa kijiji na kuandika kwa furaha kwamba amepata ngano ya asili.

Wajapani wenyewe walikuwa wakijiuliza maswali haya. Kuanzia mwaka 1908, Yanagita Kunio, mwanasheria aliyekuwa ofisa wa serikali, alikaa jioni kadhaa na kijana aitwaye Sasaki Kizen kutoka Tono, bonde la milima katika mkoa wa Iwate, akaandika aliyoyasikia. Tono Monogatari, kilichotoka mwaka 1910 kwa nakala 350 tu, kina visa 119, vingine vya mistari minne. Yanagita anasema Sasaki hakuwa msimulizi hodari ila alikuwa mtu mkweli, na kwamba yeye mwenyewe hakuongeza wala kupunguza neno. Maneno hayo ya mwisho usiyameze mazima, kwa sababu lugha ya kitabu ni ya mwandishi stadi na si ya kijana wa Tono. Lakini tofauti na Ozaki ni ya mbingu na ardhi. Hapa kila kisa kina kijiji chake, mara nyingi kina jina la mtu na ukoo wake, na hakimalizwi kwa faida ya mtu yeyote.

Kisa cha 99 ndicho ningekupa kama ningeruhusiwa kukupa kimoja tu. Mwaka 1896 tsunami ilipiga pwani ya Sanriku na kuua watu wapatao 22,000. Fukuji, mtu aliyeoa huko pwani, alifiwa na mke na mtoto, akabaki na watoto wawili. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa mbalamwezi wenye ukungu, ametoka kwenda chooni karibu na maji, anaona watu wawili wakija, mwanamume na mwanamke. Mwanamke ni mkewe. Anawafuata mbali, anamwita kwa jina, naye anageuka na kutabasamu. Mwanamume aliye naye ni wa kijiji hichohicho, naye alikufa kwenye maji yale, na inasemekana walipendana kabla Fukuji hajamwoa. "Sasa nimeolewa na huyu," mke anasema. Fukuji anamuuliza kama hawapendi watoto wake. Uso wa mwanamke unabadilika kidogo, analia. Fukuji anatazama chini kwa uchungu, na wale wawili wanaondoka haraka na kupotelea nyuma ya mlima. Alirudi nyumbani kulipokucha, na baadaye aliugua muda mrefu.

Hapo ndipo kinapokatika. Ukiwaambia wanafunzi wako wakitafutie funzo watatokwa jasho. Yanagita alikipa kitabu tabaruku ya ajabu: alikiweka wakfu kwa watu walio katika nchi za nje. Nchi za nje zilichelewa. Tafsiri ya Kiingereza, ya Ronald Morse, ilitoka mwaka 1975.

Kitabu ninachokuambia ununue, kama bajeti ya shule inaruhusu kimoja, ni Folktales of Japan cha Seki Keigo, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1963 kwa tafsiri ya Robert J. Adams. Seki alitumia maisha yake kuzipanga ngano za Japani kwa aina, na kila ngano humo imewekewa maelezo: imekusanywa wapi, na ndugu zake wako wapi duniani. Ni kavu. Hakina picha za kuvutia wala samurai anayeguna langoni. Mwenzake, Folk Legends of Japan cha Richard Dorson cha mwaka 1962, kinashughulikia visakale, yaani vile vinavyofungwa na jiwe fulani, ziwa fulani, mti fulani. Tofauti hiyo Wajapani wanaishika sana: mukashibanashi haina mahali, hutokea "hapo zamani, mahali fulani", na hakuna anayeapa kwamba ni kweli, densetsu ina mahali pake na watu wa pale wataikasirikia dharau yako. Unaweza kuifundisha tofauti hiyo kwa istilahi zetu za ngano na visakale bila kulazimisha chochote. Kwa hadithi za kale zaidi, za watawa, mbweha na majini wa karne ya 12 na 13, chukua Japanese Tales cha Royall Tyler, cha mwaka 1987.

Neno la tahadhari kabla hujawatwika Waingereza lawama zote. Chukua Momotaro, mtoto wa pichi, anayekwenda na mbwa, nyani na ndege wa jamii ya kwale kuwapiga majitu ya kisiwani na kurudi na hazina yao. Katika vijitabu vingi vya zama za Edo, zilizotangulia Meiji, hakutoka ndani ya tunda. Wazee walikula pichi, wakarudiwa na ujana, na mtoto akazaliwa kwa njia inayojulikana. Shule za Meiji zikaona aibu, zikamtia ndani ya tunda. Mwanafikra Fukuzawa Yukichi, katika mafunzo aliyowaandikia watoto wake, alimwita Momotaro mwizi, kwa sababu hazina ile ilikuwa na wenyewe. Hakusikilizwa. Kufikia mwaka 1945 Momotaro alikuwa kamanda wa wanamaji katika filamu ya katuni ya propaganda, na majitu ya kisiwani yalizungumza Kiingereza. Hakuna mfasiri wa kigeni aliyehusika hapo.

Sasa darasani. Usianze na Urashima; kwa mwanzo ana matoleo mengi mno. Anza na kisa cha mgonjwa wa baharini. Katika kitabu cha Steere, hadithi ya Punda wa Dobi inafungua na kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu uliotoa matawi yake baharini, kila siku anamtupia rafiki yake papa matunda. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angeambiwa mapema angeuchukua, maana wao kima wakisafiri mioyo yao huiacha mtini. Wanarudi kuufuata, kima anaruka juu ya mkuyu, na kilichobaki unakijua.

Chamberlain alitoa hadithi hiyo miaka 17 baadaye katika mfululizo wa Hasegawa, kwa jina la The Silly Jelly-Fish. Huko mgonjwa ni malkia wa Mfalme wa Majoka chini ya bahari, dawa ni ini la nyani, na mtumishi anayetumwa kumleta nyani ni konyeza, yule kiumbe mwororo wa baharini anayewasha, ambaye wakati ule alikuwa bado na mifupa. Konyeza anaropoka njiani. Nyani anasema ini lake limebaki mtini. Konyeza anarudi mikono mitupu, anapigwa mpaka analegea, na ndiyo sababu hadi leo hana mfupa.

Hazifanani kwa bahati. Mama yao yuko India. Katika Jataka, hadithi za maisha ya awali ya Buddha, nyani anamwonyesha mamba matunda yakining'inia juu ya mti wa jamii ya mkuyu na kudai kwamba ndiyo mioyo. Kutoka huko njia zinagawanyika. Moja ilikwenda mashariki na vitabu vya dini ya Buddha kupitia China, ikaingia Konjaku Monogatarishu, mkusanyo wa karne ya 12 wenye hadithi zaidi ya 1,000, ambao umeiweka katika sehemu ya hadithi za India, na humo mdanganyifu ni kasa. Nyingine ilikwenda magharibi kupitia Uajemi, ikafasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 8 katika Kalila na Dimna, na humo tayari yumo punda asiye na moyo wala masikio, yuleyule ambaye kima wa Unguja anamtaja anapomcheka papa. Mti wa kima wetu umebaki mkuyu safari yote hiyo.

Waulize wanafunzi tofauti moja tu: kwetu anayesaliti ni rafiki, na hadithi inaishia kwenye urafiki uliovunjika, kwao anayetumwa ni mtumishi, na hadithi inageuka ngano ya usuli, mkubwa akibaki kwenye kiti chake na mdogo akivunjwa mifupa. Kwa nini? Waache wabishane. Vitabu vya Steere na Chamberlain havina tena hakimiliki na vinapatikana bure mtandaoni, kama vilivyo vya Mitford, Ozaki na Hearn. Chapa kurasa za kima na papa, si hadithi nzima ya Punda wa Dobi, na chapa ya Chamberlain yote ni fupi. Zote mbili zinatosha kusomwa kwa sauti katika kipindi kimoja, na mjadala uache wa kipindi cha pili.